Kuandikia bendi ya matarumbeta sauti za mji wa Kirumi

Ukitaka bendi ya matarumbeta isikike kama mji wa Kirumi, punguza vidole kabla hujaongeza kelele. Pembe zao hazikuwa na vali, yaani vitufe vya kubadili noti. Cornu, pembe za Kirumi zilizofukuliwa Pompeii, Italia, ni bomba jembamba la shaba nyeusi, urefu wake kama mita 3, limepindwa mfano wa herufi G, na ufito wa mti ukapitishwa katikati ili mpigaji aliegemeze begani. Anayeijua siwa ya Lamu ameshaelewa: kazi yote ni ya midomo na pumzi.

Kuanzia sauti yake ya asili (zile zinazotoka kwa kubadili midomo na pumzi tu) ya pili hadi ya nane, pembe kama hiyo hutoa do, so, do, mi, so, ta (ti iliyoshushwa nusu toni), do. Ta yake iko chini ya ile ya piano kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Utamu wote uko hapo, na hapo ndipo mazoezi huharibika, maana mpigaji mwenye sikio zuri huipandisha kwa midomo bila kujijua. Mimi huweka mshale wa kushuka juu ya noti na kuandika "usirekebishe".

Nani apige? Koneti mbili zinatosha. Ya kwanza haibonyezi kitu. Ya pili inabana vali ya 1 mwanzo hadi mwisho, hivyo mfululizo wake wote unashuka toni nzima na kuleta re na fa ambazo mwenzake hana. Sasa una do, re, mi, fa, so na ta, ila wimbo haukamiliki bila wawili hao kupokezana noti. Waweke kwenye ncha mbili za jukwaa. Wakikaa bega kwa bega msikilizaji anasikia koneti moja tu. Usijaribu vali ya 1 na ya 3 kwa pamoja: urefu wa mabomba hayo mawili hautoshi, na sauti inapanda.

Mwendo nao una hesabu yake. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, anasema askari walifunzwa kutembea maili 20 za Kirumi kwa saa 5 za kiangazi. Maili moja ni nyayo 2,000, yaani hatua moja moja za mguu. Mchana wao uligawanywa mafungu 12, kwa hiyo saa ya kiangazi huko Italia ilifika kama dakika 75. Nyayo 40,000 kwa dakika 375 ni takriban 107 kwa dakika. Wengi huandika 120, na hilo ni gwaride la leo. Kwa 107 unasikia uzito wa mzigo mgongoni.

Mfano wa mahali pa kuandikia ninaoupenda ni Caerleon, Wales, kambi ya lejioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi) ya II Augusta, yenye uwanja wa michezo wa watazamaji kama 6,000. Kwa sehemu ya uwanjani, fuata mozaiki ya Zliten, Libya: tuba moja iliyonyooka (tarumbeta ya Kirumi, si tuba ya leo), cornu mbili na ogani ya maji (hewa yake husukumwa kwa uzito wa maji). Tuba mpe tromboni, mkono wake usitoke nafasi ya kwanza. Ogani igawie yufoniamu 2 na baritoni 2 (ala za shaba za sauti nzito), kwa sauti ndogo isiyotetemeshwa, kila mmoja akivuta pumzi kwa zamu yake. Wakipumua pamoja, ogani inageuka kwaya.