Bandama kubwa na mapafu mabovu kwa mtu mmoja? Kisu kisubiri kwanza

Mgonjwa wa hivi akinifikia huwa ameshazunguka sana. Bandama imevimba mpaka inakaba tumbo, akila kidogo tu ameshiba, pleteleti (chembe za kugandisha damu) ziko chini, ngazi chache anahema, na kila daktari kachukua kipande chake, wa damu anahangaika na pleteleti, wa kifua na mapafu, hakuna aliyejiuliza mbona vyote vimeharibika pamoja.

Jibu mojawapo, ingawa ni la nadra, ni Niemann-Pick aina B. Wa kurithi huo, jeni mbovu ya SMPD1 unaipata kwa baba na kwa mama pia. Jeni hiyo ndo inatengeneza kimeng'enya cha kuvunja mafuta yanayoitwa sfingomaelini, sasa kikipungua mafuta yanarundikana kwenye zile seli zinazokula uchafu mwilini, zinanenepa mpaka kwenye hadubini utadhani povu la sabuni, na seli hizo zimejaa bandama, ini, uboho na mapafu. Ndo maana.

Wengi wanakimbilia kutoboa mfupa kuchukua uboho, wakati kinachothibitisha ni kupima kimeng'enya chenyewe kwenye damu halafu jeni. Na mkipima pimeni na kimeng'enya cha Gaucher, ugonjwa mwingine wa kurithi, hapohapo, hayo magonjwa yanafanana balaa.

Kuhusu kutoa bandama, mimi ni HAPANA, labda iwe imepasuka na damu haizuiliki. Ukishaitoa mapafu yanaweza kuzidi kuharibika, na mtu anabaki na hatari ya maambukizi makali maisha yake yote, chanjo za nimonia na uti wa mgongo haziepukiki.

Dawa ipo tangu 2022, olipudesi alfa, sokoni Xenpozyme. Ni kimeng'enya kile kile kwa dripu kila wiki 2. Mtu mzima anaanza na miligramu 0.1 kwa kilo, tunapandisha polepole mpaka 3, maana mafuta yakivunjwa kwa pupa yanazalisha seramaidi (mabaki ya mafuta hayo) nyingi na mgonjwa anaungua homa. Kwenye utafiti wa watu wazima, baada ya wiki 52 bandama ilipungua kama 39% na uwezo wa mapafu kupitisha gesi ukapanda kama 22%, kwangu mimi hii ya pili ndo habari. Ila haifiki kwenye ubongo, kwa hiyo watoto wa aina A, ile inayoshambulia na ubongo, kwenye ubongo haiwasaidii.

Bei yake sasa, tuache tu. Anayeisubiri asicheze michezo ya kugongana, na asing'olewe jino kabla ya kuhesabiwa pleteleti.