Ujazo wa meno wenye zebaki: kinachobadilika, na kisichohitaji kuguswa

Novemba 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikutana Geneva na kukubaliana kwamba ujazo wa meno wenye zebaki ukome kutumika ifikapo mwaka 2034. Tangu habari hiyo ianze kusambazwa kwenye simu, sisi tunaohudumu katika afya ya kinywa hapa Mombasa tunaulizwa maswali mengi, na mengi yamejengwa juu ya hofu. Wapo wanaotaka kila jino lililozibwa kwa rangi ya fedha lifumuliwe mara moja. Wapo wanaouliza kama walitiwa sumu walipokuwa wadogo.

Jibu la swali la kwanza ni hapana. Ujazo wa amalgamu, yaani huo wenye zebaki, ulio mzima, usiopasuka wala kuachana na jino, uacheni. Huu si msimamo wetu peke yetu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipotoa tahadhari yake mwaka 2020 na kuyataja makundi yasiyofaa kuwekewa amalgamu mpya, haikushauri watu watoe ujazo ulio katika hali nzuri. Takriban nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, na iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Ikishaganda, mvuke unaotoka ni kidogo sana, ingawa huongezeka kwa kutafuna na kwa kusaga meno usingizini. Mvuke mwingi hutoka siku mbili: siku ya kuwekwa na siku ya kuchongwa itolewe. Anayekimbilia kufumua meno manne mazima ili aepuke zebaki anajiongezea zebaki siku hiyo, na anapoteza sehemu ya jino zima ambayo haitarudi. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanaamini zaidi sauti iliyorekodiwa na mtu wasiyemjua.

Ujazo ukiwa umepasuka, au jino limeoza pembeni yake, hapo unatolewa. Daktari hulitenga jino kwa karatasi ya mpira, humwaga maji muda wote wa kuchonga, huweka mashine ya kufyonza karibu kabisa na jino, na huukata ujazo vipande vikubwa badala ya kuusaga kuwa unga. Mna haki ya kuuliza kama hayo yote yatafanyika kabla hamjafungua kinywa.

Kinachobadilika ni ujazo mpya. Mwaka 2022, wanachama wa mkataba waliokutana Bali walikubaliana kwamba amalgamu isiwekwe kwenye meno ya utoto, kwa mtu aliye chini ya miaka 15, kwa mjamzito wala kwa mama anayenyonyesha, isipokuwa daktari aone ni lazima kulingana na hali ya mgonjwa. Msiuruke huo msamaha mnaposoma. Jino la gego lililotoboka sana, lisiloweza kukaushwa vizuri, pengine bado litahitaji amalgamu kwa mtu mzima, na daktari anayelisema hilo hajavunja sheria yoyote. Mama mjamzito aseme mapema kuwa ana mimba, hata kama tumbo bado halijaonekana. Pale kwenye kiti wengi hulinyamazia hilo kwa haya, na sisi hatuna njia ya kulijua.

Badala yake kuna nini? Kuna kompositi, ile nyeupe inayogandishwa kwa taa. Ni nzuri, lakini inataka jino kavu kabisa na muda mrefu zaidi kwenye kiti. Kuna saruji ya glasi ionoma, ambayo hushikana na jino lenyewe na kuachia floridi kidogo kidogo, ila si imara kama amalgamu kwenye gego linalotafuna mifupa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hii katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Kwa watoto, tunaitumia kwa njia ambayo ilianzishwa kwa jirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980: uozo laini unakwanguliwa kwa vyombo vya mkono, bila mashine ya kuchonga na mara nyingi bila sindano, kisha tundu linazibwa. Inafanyika hata shuleni, mahali pasipo umeme. Mzazi anayesema meno ya utoto yataanguka tu, ya nini kuyatibu, namwomba alale usiku mmoja na mtoto wa miaka sita mwenye jipu la jino. Gego la utoto hukaa mpaka miaka 10 au 12, na ndilo linaloshika nafasi ya jino la ukubwani.

Lakini sababu kubwa ya mkataba huu si kinywa cha mgonjwa mmoja mmoja. Ni maji. Minamata ni mji wa pwani huko Japani ambako kiwanda cha kemikali kilimwaga taka za zebaki ghubani, samaki wakazibeba, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa kwa watu waliokula samaki hao. Zebaki inayotoka kinywani mwenu si ile iliyowadhuru watu wa Minamata. Ikifika kwenye tope la baharini, hata hivyo, vijidudu huigeuza kuwa ya aina hiyo, na hupanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, hadi papa na nguru. Mji wetu umezungukwa na bahari, na nyumba nyingi hutegemea mashimo ya vyoo. Kinachotemwa kwenye beseni la kliniki ya Tudor au Likoni hakina safari ndefu.

Kwa hiyo wenye kliniki, hili ni lenu. Mabaki ya amalgamu, kapsuli zilizotumika na meno yaliyong'olewa yakiwa na ujazo huo hayaingii mfuko wa taka za kliniki, wa njano wala mwekundu. Mifuko hiyo huishia kwenye tanuri, na zebaki ikichomwa inakuwa mvuke juu ya mtaa mzima. Yahifadhini kwenye chombo cha plastiki kigumu, kinachofungika bila kupitisha hewa, chenye maandishi yanayosomeka na tarehe kilipoanza kujazwa. Chujio la kwenye kiti lisioshewe kwenye sinki. Kilichomo ndani yake kimwagwe ndani ya chombo hicho. Kitenganishi cha amalgamu kinachofuata kiwango cha ISO 11143 hunasa angalau asilimia 95 ya chembechembe kabla maji hayajaingia bombani. Taka hizo zikabidhiwe msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, peke yake, akiwa na hati ya kufuatilia taka, na nakala yenu ibaki kwenye faili. Mkaguzi akija, faili ndilo atakaloomba kwanza. Kifungu cha 141 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 kinasema anayekosa kusimamia taka za hatari anavyotakiwa anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 2, au vyote viwili. Someni tena neno isiyopungua.

Niseme na jambo ambalo wagonjwa hawaliulizi. Mtu anakuja akiwa na hofu ya ujazo mmoja wa miaka 20 iliyopita, na uso wake umepakwa krimu ya kung'arisha ngozi isiyo na orodha ya viungo. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, nayo hupenya ngozi kila siku na hudhuru figo. KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilikwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki. Akina mama wanaonyonyesha, hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa kliniki za zamani ambazo bado zina chupa ya zebaki kabatini, kutoka enzi za kuchanganya kwa mkono: matumizi ya zebaki ya chupa kwa meno yamekatazwa na uamuzi huohuo wa 2022. Msiimwage, na msimuuzie mtu yeyote anayekuja kuiulizia. Wanunuzi wake ni wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao huichoma wazi ili dhahabu ibaki. Ifungeni vizuri ndani ya chombo cha pili kigumu, muiweke mbali na jua na jiko, muandike kiasi kilichopo, kisha mwiarifu ofisi ya NEMA ya kaunti kwa barua. Atakayekuja kuichukua aonyeshe leseni kabla chupa haijatoka kabatini.