Spidibegi, Pumzi na Mabega: Maswali ya Watu wa Ngamiani

Ukipita mitaa yetu ya Ngamiani, Tanga, jioni baada ya alasiri, utatusikia kabla hujatuona. Tatata, tatata, tatata. Ni ubao wa duara uliofungwa kwenye kenchi ya banda la mazoezi, na chini yake kinaning'inia kijimfuko cha ngozi kilichojazwa upepo, chembamba juu na kinene chini kama tone la maji, kikubwa kidogo kuliko nazi iliyofuliwa. Hiyo ndiyo spidibegi, mfuko wa mabondia wa kufanyia mazoezi.

Tangu bondia Hassan Mwakinyo, mtoto wa Tanga, alipommaliza Sam Eggington raundi ya 2 kule Birmingham, Uingereza, Septemba 2018, vijana hawakauki bandani. Lakini siku hizi wanaoniuliza maswali zaidi hawatafuti mkanda. Ni mama lishe, madereva wa bodaboda, walimu waliostaafu. Mimi kazi yangu ni elimu ya afya, na jioni nashika saa ya raundi. Maswali haya nimeyajibu kwa mdomo mpaka nikaona bora niyaandike.

Kijimfuko chepesi namna ile kitanipa stamina gani?

Stamina ya mabega, kwanza kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu video za mtandaoni huahidi makubwa.

Jaribu hapohapo ulipo. Nyanyua ngumi zote mbili hadi usawa wa kidevu, viwiko vikae juu, kisha zungusha ngumi kama unakanyaga pedali za baiskeli kwa mikono. Mtu wa Tanga haelezwi baiskeli mara mbili. Kabla dakika haijaisha, mabega yanawaka moto, na hujapiga kitu bado. Msuli uliokazwa muda mrefu huibana mishipa yake yenyewe ya damu, oksijeni ikapungua, uchovu ukaingia haraka. Ukirudia zoezi wiki baada ya wiki, msuli huongeza vimishipa vya damu, na ndani ya seli zake huongezeka vile vinu vidogo vinavyotengeneza nguvu. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akishusha mikono baada ya sekunde 30 anafika dakika 3 bila kujua imekuwaje.

Moyo nao haukai bure. Kazi ya mikono hupandisha mapigo na presha kuliko kazi ya miguu yenye ukali uleule. Lakini usidanganyike: mapigo kwenda mbio si sawa na kupata pumzi ya kukimbia. Anayetaka pumzi hiyo aruke kamba, au atoke hapa kwa mbio za polepole hadi Raskazone na kurudi. Bondia anaipiga spidibegi ili raundi ya mwisho mikono isishuke akaacha kidevu wazi. Wewe usiye bondia utaiona faida siku ya kupaka rangi dari, au kukuna nazi za shughuli nzima bila kuomba msaada.

Kila nikilipiga linanikimbia. Mwenzangu analipiga huku anapiga soga. Kosa langu nini?

Unalitazama na unalipiga kwa nguvu. Makosa mawili, na yote yanatoka kwenye kulifanya adui.

Sogea karibu nikuonyeshe. Simama ukilikabili, miguu sambamba kwa upana wa mabega. Sehemu nene ya mfuko iwe usawa wa kidevu chako. Ukiwa mfupi panda kreti la soda, hakuna aibu. Sasa ligonge mara moja tu kwa upande wa nje wa ngumi, ule wa kidole cha mwisho, kisha usifanye lolote. Sikiliza. Linagonga ubao kwa mbele, linarudi kugonga nyuma, linagonga tena mbele. Mara tatu. Likiwa linakurudia baada ya kugonga mara ya tatu, hapo ndipo pa kupiga. Ukipiga kabla, unakutana nalo vibaya nalo linakwenda upande. Ukichelewa, limeshapoteza mwendo.

Mtu huchukua kama moja ya tano ya sekunde kujibu kitu alichokiona kwa macho. Sikio huwahi kidogo. Mfuko ukishika kasi hauna subira ya kusubiri macho yako, kwa hiyo aliyezoea haujibu, anautabiri. Kazi hiyo ya kupima muda hufanywa zaidi na ubongo mdogo ulio kisogoni, nao hujifunza kwa kurudia na kukosea, si kwa maelezo yangu. Wapiga dufu wa maulidi waliowahi kuja bandani walilishika siku ya kwanza. Vijana wenye vifua vikubwa iliwachukua wiki mbili.

Anza na mkono wa kulia peke yake, pigo moja, subiri ligonge ubao mara tatu, pigo moja. Hata kwa kiganja wazi. Ukizoea, kulia mara mbili, kushoto mara mbili, na ngumi ichore kiduara kidogo mbele ya uso badala ya kurudi kifuani. Ngumi ikisafiri mbali, mfuko utakuwa umeshapita. Mkono wa kushoto utakusumbua zaidi. Upe raundi zake wenyewe.

Na lipo jambo wengi hawalijui: mfuko uliojazwa upepo kupita kiasi huruka ovyo na kuumiza mikono. Ubonyeze kwa kidole gumba, ubonyee kidogo. Anayeanza atafute mfuko mkubwa, maana ndio unaokwenda taratibu. Ule mdogo kama embe dodo waachie wenyewe.

Nifanye mara ngapi kwa wiki?

Kidogo kidogo mara nyingi ni bora kuliko saa nzima siku ya Jumamosi, maana ujuzi wa mikono hukaa vizuri zaidi ukigawanywa siku kadhaa, na usingizi wa usiku huusaidia ubongo kuuhifadhi. Wanaoanza nawapa siku 3 za wiki: raundi 4 za dakika 1, kupumzika dakika 1 kati yake. Baada ya wiki mbili raundi inakuwa dakika 2. Raundi ya dakika 3 kama ya ngumi za kulipwa ije mwezi wa pili wa mazoezi, nayo ije tu ikiwa mabega yanakubali.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 ya mazoezi makali, pamoja na siku 2 za kujenga misuli. Spidibegi peke yake haitakufikisha huko. Ichanganye na kamba, kutembea, baiskeli. Kipimo cha bure cha zoezi la wastani: unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Nina presha. Naruhusiwa?

Mara nyingi ndiyo, lakini pima kwanza, na uongee na anayekutibu. Nimesema juu kwamba mikono iliyonyanyuliwa hupandisha presha kuliko miguu. Ndiyo maana wewe uanze na kutembea wiki chache, halafu uje kwenye mfuko kwa raundi fupi. Mashine ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, nenda kituo cha afya. Dawa usiache kwa sababu umeanza zoezi. Na pumua! Wageni wa spidibegi hubana pumzi bila kujijua, na kubana pumzi ndiko kunakoirusha presha. Mimi huwaambia wahesabu kwa sauti; mtu anayehesabu hawezi kubana pumzi.

Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au maumivu yakishuka mkono wa kushoto au kupanda tayani, acha palepale, na twende hospitali ya Bombo. Usimalizie raundi.

Litapunguza kitambi?

Peke yake, hapana. Chapati mbili za chai ya saa nne zinarudisha kwa urahisi ulichokichoma kwenye raundi zako nne.

Bega limeanza kuniuma kwa ndani nikinyanyua mkono. Niendelee nikijikaza?

Usijikaze. Kuchoka na kuumia ni vitu viwili. Uchovu huwaka msuli mzima wa juu ya bega na huondoka ukishusha mikono. Maumivu ya kuchoma, yanayokuja kwenye pembe ileile kila unaponyanyua mkono au yanayokuamsha usiku ukilalia upande huo, ni habari nyingine. Bega linashikiliwa na misuli midogo minne iliyouzunguka mfupa wa mkono, na kano ya mmoja wao hupita kwenye upenyo mwembamba chini ya mfupa wa juu ya bega. Ukikaa na mikono juu ukiwa umechoka na mgongo umepinda, kano hiyo husuguliwa.

Pumzisha wiki moja au mbili. Angalia urefu wa ubao. Mara tisa kati ya kumi wanaonijia na lalamiko hili walikuwa wanapigia ubao uliofungwa kwa ajili ya mtu mrefu. Ukirudi, kwa kila zoezi la kusukuma fanya la kuvuta: funga tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye nguzo, uivute kuelekea mbavuni, mara 12, seti 3. Maumivu yakizidi wiki tatu, muone mtaalamu wa fiziotherapia.

Mwanangu ana miaka 12 anataka kuja. Naogopa kichwa chake.

Dada yangu, woga wako una msingi. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani alieleza hali ya mabondia waliopigwa vichwani kwa miaka: wanayumba na kuongea kwa shida kama walevi, na pombe hawajanywa. Lakini spidibegi hairudishi ngumi. Mwambie kocha waziwazi kwamba mtoto ni wa mfuko, kamba na mazoezi ya viungo, haingii kupigana. Kocha akibisha, tafuta banda jingine.

Mimi ni mwanamke, navaa hijabu. Watu watasemaje?

Watasema, kisha watachoka. Ngumi za wanawake ziliingia Olimpiki mwaka 2012, London, na kwetu wanawake wana saa yao asubuhi, pazia likishushwa. Hijabu ya kitambaa chepesi kilichobana ndiyo inayofaa. Ncha zinazoning'inia zinaweza kunaswa kwenye kile kiungo cha chuma kinachozunguka, kinachoning'iniza mfuko. Sidiria iwe ya mazoezi. Ukiwa mjamzito, zungumza na mkunga wako kabla ya kuja.

Joto la hapa linanimaliza. Madafu yanatosha?

Tanga joto lake lina mvuke, jasho halikauki mwilini, na jasho lisilokauka halipoozi. Njoo baada ya alfajiri au jua likishalegea. Maji yanatosha kwa mazoezi ya nusu saa. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu, yaani chumvi unayoipoteza kwa jasho, ni kidogo; ukiwa umelowa chapachapa kula na kitu chenye chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo asinywe dafu bila kumuuliza daktari, kwa sababu ya hiyohiyo potasiamu. Mwezi wa Ramadhani sisi tunaanza baada ya tarawehe.

Ngozi ya vidole imenichubuka, na sasa kati ya vidole panawasha.

Michubuko ni ya kutovaa bandeji ya kufungia ngumi. Muwasho ni wa kuvaa bandeji ya mwenzio, au yako uliyoikunja mbichi ukaitupa kwenye begi mpaka kesho. Fangasi hupenda unyevu. Kila siku ifue kwa sabuni, ianike juani mpaka ikauke kabisa, na usiazimane. Kidonda kioshwe kwa maji na sabuni; kikivimba, kikitoa usaha au mstari mwekundu ukipanda mkononi, nenda hospitali.

Sina hela ya kifaa hicho.

Chukua mpira mdogo, uuvike wavu wa kamba ya mkonge, kisha uufunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli: kimoja juu kwenye boriti, kimoja chini kwenye jiwe zito. Ukiugonga unakwenda na kurudi bila kufuata utaratibu, na kwa macho na miguu naona unafundisha zaidi ya spidibegi yenyewe. Mdundo tu ndio hauna.

Shikamoo. Baba yangu ana ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson. Nimesikia ngumi zinasaidia. Kweli?

Marahaba. Kuponya, hapana. Kusaidia mwendo, mizani na moyo wa kuishi, mazoezi ya aina hii yanawasaidia wengi. Kule Indianapolis, Marekani, mwendesha mashtaka Scott Newman, aliyegundulika na ugonjwa huo akiwa na miaka 40, alianza kufanya mazoezi ya bondia bila kupigana, na mwaka 2006 akaanzisha Rock Steady Boxing kwa ajili ya wenzake.

Ugonjwa huu huvuruga mwendo unaojianzisha wenyewe, na mdundo wa nje unaweza kumpa mgonjwa pa kushikia. Ndiyo maana wengine hutembea vizuri zaidi wakihesabiwa. Mlete mzee saa moja hivi baada ya dawa, wakati mwili umelegea. Mfuko mkubwa, upepo kidogo, kiganja wazi, na mtu asimame nyuma yake muda wote, maana hatari yake kubwa ni kuanguka. Usimhimize awe na kasi. Mwache aisikie ile tatata.

Mimi ni jirani. Tatata hiyo inaisha saa ngapi?

Adhana ya magharibi ikilia, tunafunga, isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Na tumeshaweka kipande cha tairi kati ya ubao na kenchi. Niambie kama jioni ya jana kulikuwa na nafuu.