Sentromea haitambuliwi kwa herufi zake

"Mwalimu, tuandikie hizo herufi tuzikariri." Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita hapa Goma huniomba hivyo kila tukifika kwenye sentromea, pale kromosomu, yaani kifurushi cha DNA, inaposhikwa na kuvutwa seli ikigawanyika. Wanaamini kuna neno moja la DNA, yaani mfuatano mmoja wa herufi zake A, T, G na C, linaloifanya.

Kosa hilo lina sababu. Kwa binadamu, sehemu hiyo imejaa kipande cha herufi 171 kinachojirudia maelfu ya mara. Lakini panya ana chake cha herufi 120, kisichofanana na chetu, na seli zake zinagawanyika vizuri. Mwaka 2009 farasi akaleta kali zaidi: sentromea ya kromosomu yake ya 11 haina marudio ya namna hiyo. Punda, ambaye sisi twamkumbuka kwa mateke tu, anazo za hivyo 16 katika jozi zake 31! Kwa watu pia, mwaka 1993 iliripotiwa kromosomu ya 10 iliyopoteza sentromea, ikaota nyingine pasipo na kipande cha 171. Kinyume chake kipo: kromosomu mbili zikiungana, mara nyingi sentromea moja hulala. Herufi zipo, kazi hakuna.

Hapo huwapeleka kwenye magunia ya makala sokoni. Yote meusi ndani. Mwenye mzigo anayajua yake kwa uzi wa rangi aliofungia mdomo. Uzi wa sentromea ni protini iitwayo CENP-A, inayokaa badala ya protini ya kawaida, histoni H3, katika vifundo ambavyo DNA imejizungushia. Seli ikigawanyika, nakala mbili za kromosomu hugawana CENP-A iliyokuwepo, kisha nyingine huongezwa palepale.

Jina nalo, lenye maana ya "sehemu ya kati", linadanganya. Kwa panya wa nyumbani, karibu kromosomu zote hushikwa mwishoni, si katikati.

Wengine, wakisikia hayo, huruka upande wa pili: basi marudio ni takataka. Hapana. Mengi yana kituo cha herufi 17 ambapo protini CENP-B hutua na kusaidia kushikilia. Ila kromosomu Y haina kituo hicho, na bado baba humrithisha mwana. Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ilipotangazwa kukamilika mwaka 2003, karibu asilimia 8 ilikuwa haijasomwa, sentromea zikiwamo. Zilisomwa kikamilifu mwaka 2022.