Ruzuku Ikikoma Mwezi wa Tatu

Mama mmoja wa Newala, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, alinionyesha daftari la hesabu la binti yake wa darasa la nne. Kurasa za mbele zilikuwa za mtoto, kujumlisha na kutoa. Za nyuma zilikuwa zake mwenyewe, kwa kalamu ya risasi: sabuni ya mche, mafuta ya kula nusu, sukari robo, maji ndoo sita, dawa ya kikohozi. Juu ya kila orodha alikuwa ameandika mwezi, na baadhi ya miezi ilikuwa na alama ya nyota. Nikamuuliza nyota ni za nini.

"Hiyo miezi ya TASAF, mwanangu. Sasa wameniambia nimehitimu. Nyota hazipo tena."

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii huku kusini kwa miaka mingi, na ninaandika haya kwa ajili ya kaya kama ile, na kwa viongozi wa vijiji wanaozihudumia.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza mwaka 2000. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulianza 2012, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Mlengwa hupata fedha kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya fedha hiyo ina masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, wa shule ahudhurie masomo. Zipo pia ajira za muda kwa wenye nguvu za kufanya kazi. Mpango haukukusudiwa kumbeba mtu maisha yote. Kaya ikitathminiwa na kuonekana imeimarika, hutolewa, na hapo ndipo husemwa imehitimu. Wapo walioinuka kweli, na nimeziona nyumba zao za bati na mbuzi wao. Lakini wapo pia ambao ruzuku imewaacha wangali katikati ya mto.

Watu wengi, na maofisa wenzangu wakiwemo, huipima ruzuku kwa ukubwa wake. Husema elfu arobaini kwa miezi miwili haiwezi kuacha pengo kubwa. Mimi naona hapo ndipo tunapokosea. Mtwara na Lindi fedha ina majira yake. Ufuta unauzwa kuanzia mwezi wa sita. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na malipo yanaingia benki hadi kuelekea mwisho wa mwaka. Baada ya hapo mkono unakauka. Februari, Machi, Aprili, mvua inanyesha, palizi inamsubiri mtu, ghala halina kitu, na wengine wanaingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni inayoliwa, ili watoto walale wameshiba. Ruzuku ilikuwa inafika hata katika miezi hiyo. Kwa hiyo inapokoma, kaya haipotezi shilingi peke yake. Inapoteza pia tarehe, ile siku moja ya mwezi wa tatu ambayo mama alikuwa na uhakika nayo, na muuza duka akawa tayari kumkopesha kwa sababu naye anaijua.

Tarehe ikipotea, wa kwanza kubisha hodi ni mtu wa kangomba. Kwa msomaji asiye wa huku, kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, kwa kipimo cha kopo, na mara nyingi fedha inatolewa korosho ikiwa bado mtini. Serikali imeukataza, nao unaendelea kwa sababu unakuja wakati mtu ana shida. Tufanye hesabu ya mfano. Mama anahitaji elfu arobaini mwezi wa tatu. Anapewa, kwa makubaliano ya shilingi elfu moja kwa kilo, maana yake Oktoba atatoa kilo arobaini. Mnadani, tuseme kilo imefika shilingi 2,800. Kilo zile zile arobaini zingempa 112,000 kabla ya makato. Ruzuku iliyokosekana ilikuwa elfu arobaini, ila yeye amepoteza zaidi ya elfu sabini juu ya ile aliyopokea. Na ikiwa kopo limezidi kilo, kama linavyozidi mara nyingi, hasara ni kubwa kuliko hiyo. Msimu unaofuata anaanza akiwa chini zaidi.

Hasara nyingine haionekani kwenye daftari lolote, nayo ni saa za mama. Mwajiriwa mwenye mkataba analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na akijifungua ana likizo ya siku 84 yenye malipo. Kibarua wa kubangua korosho analipwa kwa alichobangua, na asipokwenda, hana kitu. Mwanamke wa namna hiyo, ruzuku ndiyo iliyomruhusu abaki nyumbani na mtoto mchanga wiki kadhaa, au aache kibarua siku ya kliniki. Ikikatwa, anarudi kazini mapema. Mtoto anaachiwa nani? Bibi kama yupo na ana nguvu. Kama hayupo, anaachiwa dada yake wa darasa la tano. Nimekaa na walimu wakuu tukapitia vitabu vya mahudhurio, na ukijua la kutafuta utaliona: msichana yule yule hayupo Jumatatu na Alhamisi, siku za kibarua cha mama. Shuleni anaandikwa mtoro, kumbe analea.

Sasa nini kifanyike. Ukiambiwa umetolewa kwenye mpango, kwanza uliza sababu. Kuhitimu ni jambo moja, na kukosekana siku ya uhakiki, au jina kutofautiana kwenye kitambulisho na namba ya simu, ni jambo jingine kabisa, na hilo linarekebishika. Nenda kwa kamati ya usimamizi ya jamii ya kijiji chako, kisha kwa mtendaji. Usipopata jibu, mratibu wa TASAF yupo halmashauri na kazi yake ni pamoja na kupokea malalamiko. Usione haya, wala usikubali kuambiwa kwamba kuuliza ni kukosa shukrani.

Pili, usilipe usichodaiwa. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo unakataza mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango. Mchango ni hiari. Matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano na huduma za mjamzito katika vituo vya umma ni bure kwa sera ya afya. Nimeona kaya iliyopoteza ruzuku ikiendelea kutoa fedha mahali isipotakiwa, kwa kuogopa tu.

Kuhusu mikopo nitasema kwa ukali kidogo. Ile ya riba kubwa mno, inayoitwa kausha damu, imepewa jina linaloifaa, msiingie. Halmashauri ina mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, wanawake wakitengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Inahitaji kikundi kilichosajiliwa, na usajili hauishi kwa siku mbili, hivyo anza mapema, usingoje njaa.

Kazi kubwa zaidi ni ya mwezi wa kumi na mbili. Malipo ya korosho yakiingia, nyumba nyingi hufikiria jando na unyago, bati, pikipiki. Sizibezi sherehe zetu. Mimi mwenyewe nimekulia humo. Naomba tu kwamba kabla ya kutoka benki, baba na mama wakae pamoja na kuitaja Machi kwa jina. Yule mama wa Newala alifanya hivyo na mumewe. Waligawa malipo yao ya mwisho ya korosho mara tatu: sare na daftari za Januari zilinunuliwa siku ile ile, debe tano za mahindi zikawekwa ndani, na elfu themanini zikapelekwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kwenye sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake zinakaa kwa wanawake watatu wa vitongoji tofauti. Walikubaliana na wenzao kwamba fedha hiyo haiguswi hadi Februari iishe.

Nilipompitia tena mwezi wa tatu, alikuwa shambani anapalilia, mtoto mdogo amelala kwenye kanga chini ya mkorosho. Binti wa darasa la nne alikuwa shule. Kwenye ukurasa wa Machi kulikuwa na nyota, na pembeni yake alikuwa ameandika neno moja: sanduku.