Picha ikibuma, nani anafutwa?

Mpwa wangu ana miaka kumi na sita. Juzi alinijia na swali alilodhani ni jepesi: "Mjomba, Terminator, zile picha za roboti wauaji wanaotoka wakati ujao, ziko sita. Nianze na ipi, nimalizie na ipi?"

Nikamwambia aanze na ya 1984, aifuatishe ya 1991. "Halafu ya tatu?" Hapo nikakwama. Kwa mujibu wa ya sita, ya tatu haikutokea. Ya nne nayo haikutokea, wala ya tano, ingawa hiyo ya tano ilikuwa imeshazifuta ya tatu na ya nne na kuipindua hata ya kwanza. John Connor, mhusika ambaye mashine zinamwinda, ni kamanda wa vita katika moja, ni adui mwenye mwili wa mashine katika nyingine, na katika ya mwisho anapigwa risasi angali mvulana, kabla hata hujagusa bisi zako. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulijua sheria moja kuu: steringi hafi. Nakumbuka watu walivyoguna ukumbini mwaka 2019.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kupanga ratiba za sinema Dar es Salaam: picha ipi iingie ukumbi mkubwa, ipewe maonyesho mangapi kwa siku, iondolewe lini. Siku hizi nawapigia hesabu watayarishaji wanaotafuta wawekezaji. Kwa hiyo nikiulizwa kwa nini mfululizo huu umekuwa kama ukoo unaokanana wenyewe kwa wenyewe, jibu langu haliko kwenye hadithi. Liko kwenye daftari la fedha na kwenye hati ya umiliki.

Tuanze na daftari, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Ile namba inayotangazwa magazetini, "picha imeingiza milioni kadhaa," ni pesa ya tiketi zote zilizouzwa. Studio haiipati yote. Mwenye ukumbi anakata chake kwanza. Kwa Marekani, studio hubaki na kama nusu. Nchi nyingine nyingi inashuka hadi asilimia 40 hivi. China, kwa picha za nje zinazoingia kwa utaratibu wa mgao, ni asilimia 25.

Sasa chukua ya tano, Terminator Genisys ya 2015. Iliingiza kama dola milioni 440 duniani kote. Mtu akisikia 440 anadhani watu walipasua shampeni. Lakini Marekani na Kanada zilitoa milioni 90 tu. China ilitoa 113. Kwingine kote, 237 hivi. Nusu ya 90 ni 45, robo ya 113 ni 28, asilimia 40 ya 237 ni 95. Jumla 168. Kuitengeneza picha yenyewe kuligharimu takriban milioni 155. Imebaki 13, na bado hujalipia bango hata moja, wala tangazo la televisheni, wala safari za waigizaji kuitangaza. Hizi ni hesabu zangu za mezani, na ni kweli kwamba televisheni na diski huleta pesa baadaye, lakini zinakuonyesha kwa nini picha iliyouza tiketi za milioni 440 ilihesabiwa kuwa imebuma. Zilikuwa zimeshatangazwa picha mbili za kuifuata, moja mwaka 2017 na nyingine 2018, na tarehe zake zilikuwa kwenye kalenda. Zote mbili ziliondolewa kimyakimya.

Hapo ndipo hati ya umiliki inapoingia.

James Cameron, kijana asiye na jina wakati huo, aliuza haki za hadithi yake kwa mtayarishaji Gale Anne Hurd kwa dola moja. Moja tu, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ndiye aongoze picha. Ikatengenezwa kwa dola milioni 6.4, ikaingiza kama 78. Ya pili ilitengenezwa na kampuni ya Carolco kwa takriban milioni 100, fedha ambazo mwaka 1991 zilikuwa za kutisha, ikarudisha zaidi ya 500. Baadaye Carolco ilifilisika, si kwa sababu ya Terminator bali kwa picha nyingine zilizoivunja mgongo, ile ya maharamia ya 1995, Cutthroat Island, ikiwa mbaya kuliko zote. Haki zikachukuliwa na Andrew Vajna na Mario Kassar, walioanzisha Carolco hiyo hiyo, wakatoa ya tatu mwaka 2003. Mwaka 2007 zikanunuliwa na kampuni changa iitwayo Halcyon, kwa mpango wa kutengeneza picha tatu mpya. Ya kwanza kati ya hizo, Terminator Salvation, ilitoka Mei 2009 kwa gharama ya kama milioni 200, ikaingiza 371. Agosti mwaka huo huo Halcyon ilikuwa mahakamani ikiomba kinga ya ufilisi. Mwanzoni mwa 2010 haki zikapigwa mnada, zikaenda kwa mfuko wa uwekezaji wa Pacificor kwa dola milioni 29.5. Mwaka uliofuata zikahamia kwa Megan Ellison, na kaka yake David, kupitia kampuni yake ya Skydance, ndiye aliyeisukuma Genisys hadi kwenye kumbi.

Nimeandika mlolongo mrefu makusudi. Ni kama nyumba inayobadilisha mwenye nyumba kila baada ya miaka michache. Mwenye nyumba mpya hana uchungu na vyumba vilivyoongezwa na aliyemtangulia, hasa kama vyumba hivyo ndivyo vilivyomfilisi. Anabomoa hadi kwenye msingi ambao kila mtu anausifu, yaani picha mbili za Cameron, halafu anaanza kujenga upya. Hata tamthilia ya televisheni ya Sarah Connor, iliyorushwa 2008 hadi 2009 kwa misimu miwili, iliiruka ya tatu kana kwamba haipo. Na kabla Genisys haijatoka, Cameron mwenyewe alionekana kwenye video ya matangazo akiisifia, akisema kwake yeye hiyo ndiyo kama Terminator ya tatu. Miaka minne baadaye alirudi akiwa mtayarishaji wa Dark Fate, yaani ya sita, na ya tatu ikawa nyingine. Nilicheka, lakini namwelewa: kila anayerudi kwenye kiwanja hiki anapata jina la "wa tatu" likiwa bado liko wazi.

Lakini jambo linalonisumbua kikazi zaidi ya yote ni namna walivyosoma kila anguko.

Salvation haikuwa na Arnold Schwarzenegger, yule anayeigiza Terminator mwenyewe. Alikuwa gavana wa California, kwa hiyo walibandika sura yake kwa kompyuta kwenye mwili wa mtu mwingine kwa dakika chache. Picha ilipobuma, hitimisho likawa jepesi: kosa ni kumkosa Arnold. Genisys wakamrudisha. Ikabuma Marekani vibaya zaidi. Hitimisho jipya: kosa ni kumkosa Cameron, na kumkosa Linda Hamilton aliyekuwa Sarah Connor. Mwaka 2019 wakawarudisha wote, chini ya mwongozaji Tim Miller. Kila dawa iliyokosekana safari iliyopita ilikuwepo. Dark Fate ikafungua wikiendi ya kwanza Marekani kwa milioni 29, ikamaliza na 62. Dunia nzima 261, wakati gharama yake ilikuwa kama 185. Hata ukiwa na moyo wa ukarimu ukagawa nusu kwa nusu kila nchi, hujafikia gharama.

Panga sasa namba za Marekani peke yake, kutoka ya pili hadi ya sita: takriban 205, 150, 125, 90, 62. Na kumbuka bei ya tiketi ilikuwa inapanda muda wote huo, kwa hiyo idadi ya vichwa ilishuka haraka kuliko dola. Huo ni mteremko ulionyooka, haujali Arnold yupo au hayupo. Salvation, ile iliyolaumiwa kwa kumkosa, iliuza zaidi Marekani kuliko zote mbili zilizomrudisha. Mtu aliyeitazama safu hiyo, hadi kwenye ile 90, kwa dakika tano mwaka 2016 angeuliza swali tofauti kabisa na "tumrudishe nani."

Mimi naona kosa liko kwenye kule kufuta kwenyewe. Mtazamaji si mjinga. Ukimwambia mara tatu kwamba tiketi aliyonunua safari iliyopita haihesabiki, safari ya nne anasubiri kwanza aone kama hii itahesabika. Anaweza kusubiri mpaka itoke mtandaoni, na kwetu hapa, mpaka ifike kwa kijana wa flashi pale kituoni. Kwenye ukumbi niliokuwa napangia ratiba, Dark Fate ilipewa ukumbi mkubwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili niliihamishia ukumbi mdogo, na wengi walioingia walikuwa wa umri wangu. Cameron naye alikuja kukiri baadaye, kwa utani wa kujichoma, kwamba kwa kuwarudisha wakongwe wote wawili walijikuta hata si na Terminator ya baba yako, bali ya babu yako.

Watu huniambia hapo: sasa wangefanya nini, picha mbaya ni picha mbaya. Sikubali kirahisi, kwa sababu ipo picha iliyobuma ikalelewa badala ya kuzikwa, na wengi wenu mmeitazama.

Mwaka 2006 studio ya Universal ilitoa ya tatu ya Fast and Furious, ule mfululizo wa mbio za magari: Tokyo Drift. Vin Diesel, nyota wa ya kwanza, hayumo, isipokuwa dakika moja mwishoni, ambayo alikubali kuigiza ili apewe haki za mhusika wake mwingine, Riddick. Paul Walker, nyota mwenzake, hayumo kabisa. Iligharimu kama milioni 85, ikaingiza 159 dunia nzima, ndogo kuliko zote zilizotangulia. Marekani ilipata takriban milioni 62. Ndiyo, 62, karibu sawasawa na Dark Fate. Kwa mantiki ya kina Terminator, ilikuwa ya kufutwa.

Hawakuifuta. Mwongozaji Justin Lin na mwandishi Chris Morgan walibakishwa, na mwenye mali alikuwa yule yule. Waligundua kwamba katika picha iliyobuma kuna kitu watu wamekipenda: Han, yule mla vitafunio asiye na haraka, anayekufa ndani ya gari linalowaka. Basi wakaupinda wakati. Ya nne, ya tano na ya sita zikapangwa kuwa zinatokea kabla ya Tokyo Drift, ili Han aendelee kuishi. Ya nne, mwaka 2009, Diesel na Walker wakiwa wamerudi, iliingiza kama 360. Ya tano, 2011, zaidi ya 620. Mwishoni mwa ya sita, mwaka 2013, wanakurudisha kwenye ajali ile ile ya Tokyo, safari hii unaona nani aliyeisababisha. Ghafla ile picha iliyosusiwa ikawa kiungo ambacho huwezi kukiruka. Ya saba ilivuka dola bilioni 1.5. (Mwaka 2021 wakamfufua Han kabisa, na hapo mimi nilinyanyua mikono. Lakini walishapata hela yao.)

Sisemi kupinda kalenda kulileta bilioni hiyo. Kurudi kwa Diesel kulifanya kazi kubwa, na msiba wa Walker aliyefariki Novemba 2013 uliwaingiza watu kumbini kwa hisia ambazo hakuna mtu anaweza kuzipangia bajeti. Ninachosema ni kwamba mtazamaji wa Fast hakuwahi kuambiwa hela yake ya 2006 ilipotea bure.

Ndiyo maana watayarishaji wanaonijia na andiko la filamu nawauliza mapema kuliko wanavyotarajia: haki ya mwendelezo ni ya nani? Wengi hawajaiandika popote. Wameandika mgawanyo wa faida ya picha ya kwanza hadi senti ya mwisho, lakini siku picha ikibuma na mwekezaji akataka kujitoa, hakuna anayejua mhusika anabaki kwa nani. Terminator imezunguka mikono mingi hivyo na ilikuwa na mawakili wazuri.

Baada ya 2019 mpango wa kuifanya Dark Fate iwe ya kwanza kati ya picha tatu mpya ulikufa nayo. Mwaka huo huo ulitimiza miaka 35 tangu picha ya kwanza, na sheria ya hakimiliki ya Marekani inampa mtunzi nafasi ya kudai tena kazi aliyoiuza baada ya miaka 35, ndani ya Marekani tu, kwa hiyo hati ile imezidi kuwa ngumu kusomeka. Kilichotoka Agosti 2024 ni Terminator Zero, katuni ya Kijapani ya vipindi 8 kwenye Netflix, hadithi ikiwa Japani, na familia mpya kabisa. Arnold hayumo. Haikuhitaji kuwazika wengine ili isimame, na mimi niliipenda kuliko nilivyotegemea. Nayo ilikatwa baada ya msimu mmoja.

Mpwa wangu ameshamaliza mbili za kwanza. Nilimwambia aruke moja kwa moja hadi hiyo katuni, akakataa, anataka kuona zile "zilizofutwa." Jana usiku alikuwa kwenye Salvation, na asubuhi akanitumia ujumbe kwamba haoni kwa nini hii iliondolewa.