Acheni Kuisingizia Pesti

Jana usiku ujumbe ule ule umeingia tena, safari hii kutoka kwa mtu mwingine. "Fundi, prosesa yangu inagonga digrii 95. Nimeshabadilisha pesti mara tatu na hali ni ile ile." Ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipoozaji, mara tatu! Nikamuuliza ni prosesa gani. Ryzen 9 7950X. Nikamuuliza inakula wati ngapi ikifika hiyo 95. Kimya. Nikamuuliza inapandaje, ghafla au polepole. Kimya. Baada ya dakika kumi akarudi: "Au ninunue pesti ya bei zaidi?"

Nikaona niandike, maana nikijibu mmoja mmoja nitazeeka.

Pesti haipoozi kitu. Sehemu ya chini ya kipoozaji na mgongo wa prosesa ukivitazama ni laini kama kioo, lakini vina mikwaruzo na vijishimo, na hewa ikikaa humo joto halipiti. Pesti inafukuza hiyo hewa, basi. Shaba ya kipoozaji inapitisha joto kuliko pesti yoyote ile, kwa hiyo kadiri pesti inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyofaa. Tofauti ya pesti ya kawaida na ile ya kifahari, kwa mashine zilizopita mikononi mwangu, ni digrii chache. Kama ulibadilisha pesti joto likashuka digrii 20, ujue mwanzoni kipoozaji hakikukalia vizuri, na ulipokifungua na kukifunga upya ukakiweka sawa bila kujua. Mashine ya miaka mingi, ambayo pesti yake imekauka ikawa kama chokaa, hiyo ni kesi nyingine. Lakini kompyuta uliyoiunda mwezi uliopita?

Sasa tuje kwenye hiyo 95, maana hapa ndipo ninapopandisha presha.

Ryzen 7000, familia ya hiyo 7950X, zilipotoka mwaka 2022, AMD wanaozitengeneza walisema wazi kwamba zikipewa kazi ya viini vyote, yaani vile vipande vya ndani vinavyochakata kazi, zitapanda hadi 95 na kukaa hapo. Prosesa inaongeza kasi mpaka ikutane na ukuta, na ukuta wake ni ama joto, ama wati, ama mkondo wa umeme. 7950X imeandikwa wati 170 kwenye karatasi, ila soketi, tundu inamokaa prosesa, inairuhusu kuvuta hadi 230. Ukiifungia kipoozaji kikubwa zaidi, huenda namba isishuke hata digrii moja, kwa sababu ile nafasi uliyoiongeza inageuzwa kuwa gigahezi, yaani kasi. Mtu anatoa hela, anaona 95 ile ile, anasema kipoozaji ni feki. Siyo feki, na kazi yake sasa inaisha mapema kuliko jana.

Kwa hiyo digrii peke yake hainiambii chochote. Nipe digrii na wati pamoja. Prosesa iliyo 95 huku inavuta wati 225 ina kipoozaji kinachofanya kazi ya punda. Iliyo 95 huku inavuta wati 90 ina tatizo, na hapo ndipo ninapotafuta bisibisi. Programu ya HWiNFO inakuonyesha vyote viwili kwenye dirisha moja, bure. Mbona hakuna anayetazama mstari wa pili?

Na wala msifananishe namba za prosesa mbili tofauti. 7800X3D, nayo ya AMD, mwisho wake ni 89. Core i9-13900K inaruhusiwa hadi 100, na Intel waliiandikia wati 125 za kawaida na 253 za juu, ila mbao mama nyingi zilitoka kiwandani zikiwa zimeondoa hicho kikomo. Mwenye mashine hajagusa kitu, anadhani anatumia mipangilio ya kawaida. Ryzen za kwanza za mwaka 2017, 1700X na 1800X, zilikuwa zinaripoti digrii 20 zaidi ya joto halisi, kwa makusudi kabisa, ili mpangilio wa feni uwe mmoja kwa aina zote. Kuna watu walibadilisha vipoozaji kwa ajili ya joto ambalo halikuwepo.

Wati zikishajulikana, ninatazama mwendo. Ikiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde moja au mbili, na kazi ikikatwa inaporomoka vile vile, joto halitoki kwenye prosesa kuingia kwenye kipoozaji. Ikipanda taratibu kwa dakika kumi, joto linatoka vizuri ila halina pa kwenda: hewa ya ndani ya kasha imechoka, vumbi, au feni ya nyuma imegeuzwa na inavuta badala ya kutoa. Fungua mlango wa pembeni. Likishuka digrii kumi, acha kipoozaji, shughulika na kasha. Kipoozaji cha maji, sikiliza pampu na uguse mabomba. Moja la moto sana na jingine baridi, maji hayatembei.

Hiyo kanuni ya kuruka ghafla inanisaliti mara kwa mara, nikiri. Prosesa za siku hizi zinatoa joto jingi kwenye kipande kidogo sana, kwa hiyo hata iliyofungwa vizuri inaruka. Kipoozaji kuwa baridi mkononi nako si ushahidi wa moja kwa moja. Nimewahi kufungua mashine nikiwa na hakika, nikakuta kila kitu kiko sawa, nikafunga upya vile vile, joto likashuka digrii 8. Mpaka leo sina maelezo.

Ukilazimika kung'oa, itazame alama ya pesti kabla hujaifuta. Ikiwa upande mmoja imebaki nene kama siagi na upande wa pili unaona chuma, skrubu zilikazwa vibaya: kaza kwa kuvuka, pembe kwa pembe, nusu mzunguko kila mara. Ukikuta ile nailoni ya kiwandani bado imebandikwa chini ya kipoozaji, usimwambie mtu, hata mimi sitasema.

Na kabla ya kung'oa, washa mashine ipate moto, kisha zungusha kipoozaji taratibu badala ya kukivuta. Niliwahi kuvuta kikiwa baridi, kwenye AM4, soketi ya zamani ya AMD, na prosesa ikatoka nacho, kishikizo cha soketi kikiwa bado kimefungwa. Pini 1331. Kumi na kitu zililala. Saa mbili nzima nikizinyoosha kwa ncha ya wembe, na nilikuwa nimefungua kwa sababu gani? Kubadilisha pesti iliyokuwa haina kosa.

Dawa ya wengi iko kwenye bayosi, ile mipangilio ya msingi ya ubao mama. Hali ya Eco ya wati 105 inaibana 7950X kwenye wati 142 hivi za soketi, na kwenye gemu hutahisi kitu. Mwenye Intel arudishe vile vikomo. Na mwenye kizazi cha 13 au 14 asasishe bayosi leo, maana mwaka 2024 Intel walitoa marekebisho ya volti iliyokuwa inapita kiasi, na prosesa iliyokwisha kuumia hairudi.

Yule jamaa wa jana hatimaye alituma picha. Digrii 95, wati 228, viini vyote 16 vinachakata video. Nikamwandikia: mashine yako nzima, weka Eco, kalale. Akajibu saa hiyo hiyo.

"Sawa fundi. Sasa pesti niweke tone katikati au msalaba?"